Makaa Mkononi Mwangu

6 Novemba, Alhamisi

Sanduku limefika. Tess amelileta amelipakata juu ya tumbo, anahema, na neno la kwanza mlangoni lilikuwa, "Dada Marlys, kilima chenu hiki kitaniua kabla mtoto hajaniua." Nikamwambia aketi na asizungumze habari za kufa mezani kwangu.

Mchezo wenyewe tumeuota tangu lile duka la katuni la mjini, tulikokuwa tukichezea, halijafungwa: Reli ya Mlima Kijivu. Unachezwa mara moja tu na basi. Wachezaji wote wako upande mmoja, adui ni theluji. Kuna bahasha kumi na mbili, kila moja ni mwezi. Mkishinda mwezi, mnafungua bahasha inayofuata. Mkishindwa, mnarudia mara moja, kisha mnasonga mbele hata kama mmeshindwa tena. Unaandika kwa wino, unabandika stika ubaoni, kadi nyingine unaambiwa uichane na unaichana kweli. Mkifika mwisho, sanduku zima ni la kutupa.

Roland Aho alitusomea kanuni zote kwa sauti, hata jina la kiwanda. Roland alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu, na ameshauza nyumba. Majira ya kuchipua anahamia Arizona kwa binti yake. Tess naye, ambaye ni muuguzi, akasema mtoto akizaliwa Aprili, Alhamisi zake zimekwisha. Kwa hiyo huu ndio mchezo wetu wa mwisho. Walisema hivyo wakiwa wanakula.

"Tukicheza kwa akili," Roland akasema, "katikati ya Februari tumemaliza."

"Na tukicheza kama mimi?" Gordy akauliza.

"Tutafika Aprili."

Tulicheka wote. Gordy Bebeau ndiye dereva wa greda la theluji la manispaa na ndiye mchekeshaji wetu. Alipewa kadi ya dereva wa treni, akaandika jina: Lester. Nikamwambia, "Lester? Hilo jina la fundi bomba." Akacheka, akasema hata fundi bomba anaweza kuendesha treni. Tess ni daktari wa reli. Roland ni mkaguzi, akakataa kumpa jina. "Jina la nini? Ni karatasi." Mimi bila shaka nimepewa mpishi wa treni. Nikaandika Hilja, jina la marehemu mama. Sikusema ni la nani, na hakuna aliyeuliza.

9 Novemba

Theluji ya kwanza, nyepesi. Nimeangalia ile tamthilia ya wapelelezi wa Alaska. Vipindi vitatu kwenye baridi ya kuua na hakuna mtu hata mmoja aliyepenga kamasi. Uongo mtupu.

13 Novemba, Alhamisi

Mwezi wa kwanza, tumeshinda. Niliwapikia supu ya mchele-pori, ule mweusi wa ziwani. Gordy amekula mabakuli matatu, akiwa amekaa kwenye kiti cha mama.

16 Novemba

Jumapili nzima nyumbani. Nimeona filamu ya mashujaa wanaoruka, yenye urefu wa karibu saa tatu. Mji unabomoka, unajengwa, unabomoka tena. Mimi nimepika jikoni mwa shule miaka ishirini na sita, na kila nikiona filamu ya namna hiyo swali langu ni moja: nani anawalisha hawa watu? Wamepigana tangu alfajiri hadi alfajiri, hakuna aliyekula hata kipande cha mkate. Ningekuwa mimi adui, ningengoja mpaka saa sita mchana wazirai wenyewe.

Nilitaka kumwambia mtu hili. Nimeliandika hapa.

20 Novemba, Alhamisi

Mwezi wa pili, tumeshinda. Ninakuwa na hamu ya Alhamisi tangu Ijumaa.

24 Novemba

Theluji nzito usiku kucha. Asubuhi greda limepita mtaani kwangu, Gordy akapiga honi mara mbili, kama kila mwaka. Nikapunga mkono dirishani nikiwa na gauni la kulalia. Shauri yake.

27 Novemba, Alhamisi

Sikukuu ya Shukrani, hakuna mchezo. Wiki iliyopita waliponiuliza niliwaambia naenda kwa binamu yangu, mji wa Cloquet. Sina binamu Cloquet. Nimeoka paja moja la bata mzinga, nikaweka runinga kwa sauti kubwa kidogo. Mwaka jana mama alikuwepo, alilalamika kwamba mchuzi hauna chumvi. Haukuwa na chumvi kweli.

4 Desemba, Alhamisi

Mwezi wa tatu, tumeshinda. Gordy na mimi tumegombana nusu saa juu ya Wauguzi wa Mwezi, ile tamthilia ya mazimwi wanaofanya kazi hospitali zamu ya usiku. Yeye anasema msimu wa tatu ndio bora.

"Gordy, msimu wa tatu zimwi mkuu alipoteza kumbukumbu! Wakikosa la kuandika wanampotezea mtu kumbukumbu."

"Ndiyo utamu wenyewe, Mpishi. Anaanza kumpenda mkewe upya."

"Alikuwa hampendi tangu msimu wa kwanza."

"Kwa hiyo hukuona! Ala! Unaangalia kwa macho gani wewe?"

Tess, ambaye ni muuguzi wa kweli, akasema tamthilia yote ni upuuzi kwa sababu hakuna anayejaza fomu. Roland akagonga meza kwa penseli. "Zamu ni ya nani?"

Nimelala nikicheka peke yangu.

11 Desemba, Alhamisi

Mwezi wa nne, ushindi. Roland anajisifu kwamba tuko mbele ya ratiba. Nimemchukia ghafla.

18 Desemba, Alhamisi

Mwezi wa tano, ushindi tena. Walipoondoka nilibaki nimeketi mbele ya sanduku. Bahasha zilizokwisha zimekuwa rundo, zilizobaki zinashikika kwa vidole viwili. Sikufungua chochote. Nilizishika tu.

25 Desemba

Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Ziwa linatoa moshi. Nimesoma Kapteni Kutu, katuni mbili kutoka maktaba. Shujaa mzee, magoti yanamlia akiruka ukuta. Nimeipenda kuliko yote niliyosoma mwaka huu.

1 Januari, Alhamisi

Hawakuja, bila shaka. Nimekula viporo.

8 Januari, Alhamisi

Nimefanya jambo la kijinga, na ninaliandika upesi kabla sijalipamba.

Mwezi wa sita. Kwa kanuni, kila mmoja hushika kadi zake bila kuwaonyesha wenzake. Unaweza kusema unayo au huna, basi. Treni ya Gordy ilikuwa imekwama chini ya mlima. Ilihitaji makaa mara moja tu ipande, na tungeshinda. Roland akauliza, "Nani ana makaa?"

Nilikuwa nayo. Yalikuwa kadi ya pili kutoka kushoto.

Tess alikuwa tayari anaangalia saa. Roland alikuwa tayari anaifuata bahasha ya mwezi wa saba kwa mkono. Nikawatazama wote watatu nikaona jinsi tunavyoteremka mbio kuelekea Februari, mimi nikiwa peke yangu ninayetaka kupunguza mwendo. Nikasema, "Sina."

"Hata mpishi hana makaa?" Gordy akasema. "Basi leo tunakula mbichi."

Poromoko la theluji likashuka, tukashindwa. Nikachanganya kadi zangu na za wengine kabla mtu hajazitazama. Roland akaandika kwenye karatasi yake: kurudia. Alhamisi nyingine imepatikana.

Nimedanganya katika mchezo usio na mpinzani mezani. Ningekuwa naiba ili nishinde, angalau ningeeleweka. Lakini wakati wa kuondoka Gordy aliniambia, "Usijali, Mpishi, wiki ijayo tunaipiga hiyo theluji," na nikafurahi mpaka nikaona aibu.

15 Januari, Alhamisi

Tumerudia na kushinda. Leo nimecheza vizuri sana. Nadhani ilikuwa ni kutubu.

18 Januari

Greda. Honi mbili.

22 Januari, Alhamisi

Mwezi wa saba. Nimefanya tena. Safari hii hata moyo haukwenda mbio. "Sina," nikasema, nikaendelea kumimina kahawa. Tess akatoa macho: "Bahati yetu gani hii?" Roland aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake, au niliona hivyo.

Tess alipokuwa anavaa koti nilimsikia akimwambia Gordy kwamba miguu inamvimba, na kwamba anakuja tu kwa sababu hataki kutuangusha. Nilijifanya natafuta mfuniko.

29 Januari, Alhamisi

Dhoruba. Barabara zimefungwa, hakuna mchezo. Gordy yuko nje huko saa kumi na sita mfululizo. Nimeanza Wauguzi wa Mwezi msimu wa tatu tangu mwanzo, nione huo utamu wake. Kipindi cha nne mkewe anajitambulisha kwake kama mgeni, na mume anauliza jina lake mara mbili kwa sababu amelipenda. Kha. Kumbe Gordy alisema kweli. Sitamwambia.

5 Februari, Alhamisi

Sijui nianzie wapi.

Tulikuwa tunarudia mwezi wa saba. Hatukuwa tumewahi kushindwa mara mbili kwa mwezi mmoja, kwa hiyo hatukuwa tumewahi kufungua kile kijikaratasi chekundu cha kushindwa mara ya pili. Mimi nilifikiri kitasema tupoteze daraja, au tubandike stika mbaya.

Gordy aliiingiza treni yake katika kituo cha juu. Roland akamwambia aondoke, angeweza kuteremka bila makaa na tungepata nafasi ya kujipanga. Gordy akatikisa kichwa. "Nangoja makaa nivuke mlima. Zamu mbili zimepita, lazima mmoja wenu atayapata. Hamtaniacha huku juu, nawajua." Akanikonyeza.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo mkononi tangu mwanzo wa mchezo.

Ningeweza kusema, "Lo, kumbe ninayo!" Wangenicheka, ningesema nazeeka, yangeishia hapo. Niliwaza mwezi wa nane, wa tisa, na Machi. Nikasema, "Bado sina."

Poromoko lilishukia kituo cha juu. Roland akafungua kijikaratasi chekundu, akasoma kwa sauti ile ile anayosomea kila kitu: aliyekuwemo kituoni amefukiwa. Achane kadi yake. Aanze na mtu mwingine mwezi ujao.

Nilingoja Gordy aseme kitu cha kuchekesha. Tess pia aligeuka kumwangalia, tayari na tabasamu. Gordy aliichukua kadi ya Lester, akaisoma kana kwamba ina maandishi mengi, kisha akaichana katikati, taratibu, akavilaza vipande viwili kando ya bakuli lake. "Kanuni ni kanuni," akasema. Hakumaliza supu. Alisema kesho ana zamu ya mapema.

Vipande bado viko mezani. Sijavigusa.

8 Februari

Theluji. Greda limepita saa moja asubuhi. Nilikuwa dirishani. Hakupiga honi. Labda si yeye.

10 Februari

Ni yeye. Nimeiona kofia yake.

12 Februari, Alhamisi

Gordy ametuma ujumbe kwa Tess: kazi nyingi. Mimi hakunitumia. Tumecheza watatu, tumeshinda mwezi wa nane bila shida, kwa kuwa nilitoa kila kadi niliyoombwa na hata ambazo sikuombwa.

Tess alibaki kunisaidia vyombo. Huwa habaki. Akasema, "Dada, unajua Lester ni nani?"

"Dereva wa treni."

"Ni kaka yake. Alifariki miaka saba iliyopita, moyo. Walikuwa wanacheza michezo ya mezani wawili, kila Alhamisi. Ndiyo maana Gordy alianza kuja dukani. Alhamisi hakuwa na pa kwenda."

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliendelea kuifuta ingawa ilikuwa kavu.

"Anasema ni kosa lake," Tess akaendelea. "Eti Roland alimwambia aondoke kituoni, yeye akakaa kichwa kigumu akingoja makaa. Nikamwambia, Gordy, ni mchezo tu. Akasema anajua. Halafu akakata simu."

Miaka sita huyu mtu anakula mezani kwangu. Najua anapenda zimwi gani na katuni gani anazidharau. Najua anaweka pilipili kwenye kila kitu. Sikujua kwamba alikuwa na kaka. Nami nilimcheka kwa jina la fundi bomba, mimi, niliyeandika jina la mama yangu kwenye kadi yangu na kukaa kimya nikitarajia mtu aniulize.

13 Februari

Nimempigia. Hakupokea.

15 Februari

Nimempigia. Hakupokea. Nimeacha ujumbe kuhusu kipindi cha nne cha msimu wa tatu, kwamba alisema kweli. Nilipokata simu niliona hayo siyo niliyotakiwa kusema.

19 Februari, Alhamisi

Mwezi wa tisa. Tumeshinda. Kiti cha mama kitupu, na hakuna mtu aliyeweka hata koti juu yake.

26 Februari, Alhamisi

Roland alikuja mapema, kabla ya Tess. Alivua viatu, akavipanga, akaketi. Kisha akasema bila kuniangalia, "Marlys, makaa yalikuwa mkononi mwako."

Nilikuwa nakatakata kitunguu, namshukuru Mungu kwa kitunguu. "Tangu lini unajua?"

"Tangu Januari. Makaa ni kadi tano. Nne zilikuwa zimeshatoka. Mimi sikuwa nayo, Tess hajui kudanganya, na Gordy ndiye aliyekuwa anaililia."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini, Roland? Wewe, mtu wa kanuni!"

Akaichezea penseli yake. Roland huyu, ambaye nilimchukia Desemba nzima kwa kuhesabu wiki zangu, akasema, "Binti yangu anakula saladi. Asubuhi, mchana, jioni. Na huko Arizona simjui mtu. Nikawaza, acha huyu mama aibe wiki mbili tatu, hazinidhuru." Akakohoa. "Sikujua Lester ni nani. Ningejua, ningesema. Hiyo ni juu yangu mimi pia."

Sikuwahi kumwona Roland akiomba msamaha. Alifanya vibaya, kama mtu anayesoma lugha asiyoijua. Nikampa bakuli la kwanza kabla supu haijaiva vizuri, akala.

Tumeshinda mwezi wa kumi.

5 Machi, Alhamisi

Nimemwambia Tess. Nilitaka kungoja tumalize, nikaona kungoja ndiko kulikonifikisha hapa.

Aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo, akasema, "Unajua mimi nimepanda kilima hiki kwenye barafu na miguu kama magogo. Mume wangu ananiuliza, Tess, kwani lazima? Namwambia lazima, wenzangu wananitegemea. Kumbe wewe unakaa hapo na kadi mkononi!"

"Nilitaka muendelee kuja."

"Si ungesema! Ungesema, Tess, njoo hata baada ya mchezo, njoo tukae. Ningekuja, dada. Sasa sijui nilikuja kwa nani."

Roland alinikingia kifua kidogo, akaambiwa anyamaze. Lakini Tess hakuondoka. Alicheza mwezi wa kumi na moja hadi mwisho, uso umekunjamana, na tukashinda. Mlangoni akasema, "Mimi mwezi wa mwisho siuchezi bila Gordy. Na wewe ndiye utakayemrudisha, si mimi." Akateremka ngazi akishikilia ukuta, akakataa mkono wangu.

8 Machi

Nimempigia Gordy. Hakupokea.

14 Machi

Nimejaribu kuangalia filamu ya mapenzi. Mwanamume anamkimbilia mwanamke kwenye uwanja wa ndege, anamwambia yote mbele ya watu, watu wanapiga makofi. Nimezima. Kwenye filamu wanakuwa na mahali pa kukimbilia. Mimi hata sijui Gordy anakaa nyumba gani. Miaka yote hii wao ndio wanaokuja. Mimi napika, naweka viti, nangoja. Nilidhani huo ndio ukarimu.

19 Machi, Alhamisi

Hakuna mchezo. Nimepika supu kwa mazoea, sufuria zima.

22 Machi

Theluji ya mwisho, nadhani. Greda lilipita. Nilitoka nje na viatu vya ndani, nikasimama ukingoni mwa barabara. Alinipungia mkono kama anavyompungia mtu yeyote asimame mbali. Hakusimama.

31 Machi

Mtoto wa Tess amezaliwa, wa kike, salama. Ametuma picha kwetu sote kwa pamoja. Gordy amejibu: "Ana sura ya Roland." Nimecheka kwa sauti jikoni shuleni, wenzangu wakageuka. Kisha nikalia kidogo kwenye ghala la mikebe.

4 Aprili

Roland ameondoka leo. Alipita asubuhi, gari limejaa mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi. Akanipa kadi yake ya mkaguzi. "Mpe Gordy. Atahitaji mtu." Nikaitazama. Penye jina, pale alipokataa kuandika Novemba, ameandika kwa wino: Roland.

"Ulisema ni karatasi," nikamwambia.

"Ni karatasi," akasema, akaingia garini.

6 Aprili

Theluji imeyeyuka mtaani. Greda halitapita tena hadi Novemba. Sasa Gordy hana sababu yoyote ya kupita kwangu. Nimemwomba Tess anielekeze kwake. Amejibu kwa anwani tu, bila neno lingine. Baada ya saa nzima akaongeza: "Peleka supu."

9 Aprili, Alhamisi

Nyumba yake ni ya kijani. Iko magharibi mwa mji, nyuma ya duka la matairi. Nilikaa garini na sanduku mapajani na sufuria miguuni mpaka vioo vikaingia ukungu, nikajiambia, Marlys, hata Kapteni Kutu aliruka ukuta na magoti yale. Nikashuka.

Alifungua akiwa na soksi. Akaangalia sanduku, akaangalia sufuria.

"Mpishi," akasema. Hakusema karibu.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yakapotea yote. "Makaa nilikuwa nayo mimi," nikasema. "Siku ile. Ulipokuwa unangoja kule juu. Yalikuwa mkononi mwangu, na mwezi wa sita pia. Hukukosea, Gordy. Ulingoja kwa sababu ulituamini. Nilificha ili tusimalize mapema, kwa kuwa mkimaliza, mimi sina mtu. Basi. Sikujua Lester ni nani. Wala sikuuliza."

Alishika mlango. Nyuma yake niliona meza ndogo, viti viwili, na rafu imejaa michezo ya mezani hadi darini.

"Nilikaa wiki nzima najiuliza kwa nini sikuondoka," akasema. "Roland aliniambia ondoka. Hata Lester wa kweli niliambiwa nimpeleke hospitali siku ile ile, nikasema acha mpaka kesho."

"Gordy."

"Najua ni mchezo, Marlys. Watu wote wananiambia ni mchezo." Hakuwahi kuniita Marlys. "Nimekukasirikia sana."

"Nikasirikie."

"Nimekukasirikia, na supu inapoa. Ingia."

Nikaingia. Nikatoa mfukoni kadi ya Lester. Nilikuwa nimeiunga kwa gundi ya karatasi, kazi ya jioni mbili, mstari hauonekani sana. Nilidhani atafurahi. Aliigeuza, akapitisha kidole juu ya mshono, akanirudishia.

"Hapana. Amekufa. Usimwamshe." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Lakini asante. Iache hapo rafuni."

Nikampa kadi ya mkaguzi. Aliposoma jina alicheka kile kicheko chake cha zamani, mpaka akaketi. "Mzee huyu! Basi leo mimi ni Roland. Zamu ni ya nani?"

Tulikula kwanza. Aliweka pilipili. Akaniuliza kama nimeona mwisho wa Wauguzi wa Mwezi, nikamwambia sikuangalia, sina wa kubishana naye. Akasema hata yeye amekwama pale pale, hajagusa tangu Februari. Kisha tukafungua bahasha ya mwisho. Alipokuwa anagawa kadi alisimamisha mkono hewani.

"Sikiliza, Mpishi. Leo ukishindwa, ushindwe kweli."

"Kweli," nikasema.

Tulicheza kwa akili zetu zote. Mwezi wa kumi na mbili ni mkali, na mko wawili tu mahali pa wanne. Tuliokoa vituo vitatu. Tukabakiza cha juu, zamu moja, treni imekwama chini ya mlima, na Gordy akauliza kwa sauti ya Roland, "Nani ana makaa?"

Poromoko likashuka.

Kabla hajasema neno nililaza kadi zangu zote mezani, uso juu. Akazipitia moja moja kwa kidole, kushoto hadi kulia, na tena kulia hadi kushoto. Makaa hayakuwemo. Naye akalaza zake. Hayakuwemo.

"Tumeshindwa kweli," akasema.

"Tumeshindwa kweli."

Akainuka kutafuta kitabu cha kanuni, eti ahakikishe, ingawa sote wawili tunakijua kwa moyo. Mkishindwa mara ya kwanza, mnarudia. Akanisomea maneno hayo kwa sauti, taratibu, akiwa amesimama na soksi zake, kisha akaniuliza kama Alhamisi ijayo nina nafasi.